Hotuba ya Bingwa wa Vipimo Vilivyostaafu

Mheshimiwa mkuu wa shule, walimu, wanafunzi, na ninyi mliojibanza karibu na mlango: itifaki imezingatiwa. Mimi ndiye Bingwa wa Vipimo Vilivyostaafu. Cheo hiki nilijitunuku mwenyewe, maana sikuona mwingine mwenye hadhi ya kunitunuku.

Nimesikia, kwa uchungu mkubwa, kwamba kuna mpango wa kuzing'oa kurasa mbili za mwisho za kitabu chenu cha fizikia, zile zenye ergi, daini na gausi. Eti Mfumo wa Kimataifa upo tangu 1960, basi wazee wa sentimita, gramu na sekunde washike njia. Haya, tazameni! Kamusi hii ya kilo moja nimeinyanyua mita moja. Mwalimu wenu atasema nimefanya kazi ya jouli 9.8. Ananidhalilisha! Nimefanya ergi milioni 98, na mtu wa ergi milioni 98 hakaribishwi kwa soda moja. Kwani wanaastronomia, watu wazima wenye akili zao, si mpaka leo wanapima mng'ao wa nyota kwa ergi kwa sekunde?

Mnacheka. Mchekeni na Millikan basi, aliyechapisha mwaka 1913 chaji ya elektroni: 4.774 × 10⁻¹⁰. Kijana aliyenyimwa kurasa zile ataisoma kama kulombu, aione elektroni imevimba karibu mara bilioni tatu, kisha amtukane marehemu. Kumbe mzee wa watu alitumia kizio cha umemetuli, ambacho kimoja ni kulombu 3.336 × 10⁻¹⁰. Zidisheni wenyewe, bingwa hazidishi hadharani. Mtapata 1.59 × 10⁻¹⁹, pungufu kidogo tu ya thamani ya leo, na upungufu huo uliletwa na thamani mbovu ya mnato wa hewa aliyoitumia, si kizio.

Na lita je? Kuanzia 1901 hadi 1964 lita ilikuwa ujazo wa kilo moja ya maji safi, ikaipita desimita ya ujazo kwa sehemu 28 katika milioni. Majedwali ya zamani ya kemia yamejaa lita hizo, na hayana mdomo wa kuwaonya.

"Hiyo ni nusu tone tu," ananong'ona mwalimu wa kemia pale mbele. Nusu tone! Nimesikia, mwalimu. Sasa koo limenikauka. Naomba maji ya kunywa, lita moja ya mwaka 1901. Ya 1964 mpeni yeye.