Kalamu Kuukuu na Vipuri Vyake

Kalamu ya wino ya miaka ya 1940 haiaminiki kwa maneno yake yenyewe. Klipu inataja kiwanda kimoja, nibu inataja kingine, na kiwiliwili kimekaa kimya. Sababu ni kwamba kifuniko ndicho hupotea kwanza, na kinachopachikwa badala yake ni chochote kitakachokubali kuingia. Anayeagiza vipuri kwa kusoma klipu peke yake huwa anaitibu kalamu ya mtu mwingine.

Utambuzi huanzia kwenye kiwiliwili, kwa kioo cha kukuzia na taa iliyolazwa pembeni, kwa kuwa vidole vya miaka nenda miaka rudi vimekwisha kuyala maandishi. Wapo wanaoyasugua kwanza kwa dawa ya meno ili yasomeke. Hao hubaki na kalamu inayometameta, isiyo na jina.

Parker 51, iliyotoka mwaka 1941, ina mtihani wake. Kwenye zile za Marekani za miaka ya mwanzo, mwaka umeandikwa kwa tarakimu moja tu, ile ya mwisho, pamoja na vinukta vya kuonyesha robo ya mwaka. Kwa hiyo tarakimu 1 yaweza kuwa 1941 au 1951. Mwamuzi ni mfumo wa kujazia wino. Ukifungua kijifuniko cha kitakoni ukakuta kitufe cha kusukuma, hiyo ni Vacumatic, mfumo uliotumika Marekani hadi 1948. Ukifungua kiwiliwili ukakuta kifuko ndani ya ala ya chuma yenye ubapa wa kubonyeza, hiyo ni ya baadaye. Anayeagiza kiwambo cha mpira cha ile ya kwanza kwa ajili ya hii ya pili hupokea kipuri kizima, kizuri, kisicho na pa kukaa.

Kalamu zenye kiwenzo cha ubavuni huwa na kifuko cha mpira, na ugonjwa wao ni mmoja: kifuko kimekauka na kuvunjikavunjika kama kaukau. Vifuko vipya bado vinatengenezwa, na namba zake ni sehemu za 64 za inchi. Namba 16 ni robo inchi, yaani milimita 6.35. Kosa la kawaida ni kupima vipande vya kifuko cha zamani, ambavyo havina tena umbo la kupimika. Kinachopimwa ni tundu la kiwiliwili na kile kichuchu ambacho kifuko huvikwa.

Kabla ya kupima lazima kalamu ifunguke, na hapo ndipo vilio huanzia. Koleo tupu huacha alama za meno zisizofutika. Maji ya moto huigeuza ebonaiti nyeusi kuwa ya kahawia. Seluloidi nayo hushika moto upesi, kwa hiyo mshumaa na kiberiti vikae mbali. Kinachofaa ni joto la wastani la draya, kipande cha mpira cha kushikia, na subira. Wakati wa kurudishia, kifuko hugandishwa kwa shelaki, ambayo huachia ikipata joto kidogo. Supagluu haiachii, na fundi atakayefuata ataapiza bila kujua jina la kumwapizia.

Kwa upande wa nibu, Esterbrook waliwaonea watu huruma. Nibu zao hufunguliwa kwa skrubu pamoja na kipitisha wino chake, na namba imepigwa juu yake: 2668 ni ya unene wa wastani, na 9668 ni ya unene huohuo ila ncha yake ni ngumu zaidi. Nibu yoyote ya jamii hiyo huingia kwenye kalamu ya modeli ya J.

Klipu, viwenzo na pete havina njia fupi hivyo. Hupatikana kwa kununua kalamu mbovu ya modeli ileile na kuichinja, kama wafanyavyo mafundi wa magari. Katika matangazo ya wauzaji, “haijajaribiwa” maana yake imejaribiwa ikashindikana, na “inahitaji marekebisho madogo” maana yake ni kifuniko kitupu. Mara chache inayonunuliwa kwa kuchinjwa hufika ikiwa nzima na inaandika vizuri kuliko mgonjwa. Hapo hakuna mwenye moyo wa kushika kisu, na hutafutwa mbovu nyingine.