Jinsi ya Kuongoza Kikosi Ukiwa Mchezaji Mbovu Kuliko Wote

Hujui kulenga shabaha. Vidole vizito, simu ya zamani, na kila raundi wewe ndiye wa kwanza kufa. Usihuzunike, ndugu yangu. Una sifa zote za kuwa kiongozi. Magemu ya kucheza kwa timu yamelithibitisha hilo kwa zaidi ya miaka ishirini, na mbinu zake zinafaa hata ofisini, kwenye kikoba na kwenye kamati ya harusi. Sogea karibu nikupe njia za mkato.

Hatua ya 1: Chukua kazi isiyogombewa

Kila timu ina mtu anayeutaka upanga mkubwa. Mwachie. Kwenye World of Warcraft, gemu lililotoka 2004, watu 40 waliingia pamoja kwenye pango la Molten Core. Wengi walitaka waonekane wakipiga. Wachache walikubali kukaa nyuma, macho kwenye mistari ya uhai ya wenzao, wakimponya huyu na kumwahi yule. Mponyaji hasifiwi sana, lakini akiondoka yeye, pambano limekwisha. Nawe fanya hivyohivyo kazini: andika muhtasari wa kikao, tunza funguo, jua nani anamdai nani. Haitapita miezi mingi, hakuna jambo litakalopita bila wewe, na hakuna atakayekuonea wivu, maana hukugombea kitu.

Hatua ya 2: Fupisha mpango

Mwaka 2005 ilisambaa video ya kikosi cha gemu hilohilo kikipanga shambulio. Wanajadili, wanahesabu, mmoja anatoa hadi asilimia ya kunusurika: 32.33 na ushee. Mwenzao aitwaye Leeroy Jenkins hakuwa akisikiliza. Ghafla akapiga kelele jina lake mwenyewe, akaingia. Wengine wakamfuata kumwokoa, wakafa wote. Baadaye ilijulikana kuwa waliigiza, lakini watu walishamtambua Leeroy wa ofisini kwao.

Wengi humcheka Leeroy. Wewe mlaumu aliyeitisha kikao. Mpango ukizidi sentensi tatu, ujue mmoja wenu ameshaenda jikoni. Sema nani anatangulia, nani anamlinda, na mtakutana wapi mambo yakiharibika. Halafu anza.

Hatua ya 3: Punguza mdomo

Apex Legends ilipotoka 2019, ilimpa kila mchezaji kitufe cha kuwekea alama. Bonyeza ukilenga bunduki, wenzako wawili wanaiona ilipo. Bonyeza ukilenga adui, wanajua pa kutazama. Watu wasiojuana, wasio na lugha moja, wanacheza kama waliokulia nyumba moja bila kusemeshana neno.

Hapa ndipo unapookoka, kwa sababu kelele kwenye maiki humfanya mtu atetee heshima yake badala ya kutazama mlango. Ukitaka kazi ifanyike, tuma mstari mmoja: ni kitu gani, kiko wapi, nani anakichukua. Yaliyobaki ni kujisikiliza mwenyewe.

Hatua ya 4: Gawa nyara kabla ya kumuua joka

Mwamba ngoma huvutia kwake, na ngozi ya joka ikishalala chini hakuna mtu mwenye haki isipokuwa mimi. Wachezaji wa EverQuest, gemu la 1999, waliliona hilo mapema wakabuni pointi za kuua joka. Ukihudhuria unapata pointi; ukichukua kitu kizuri, pointi zinakatwa. Aliyesusa wiki nzima hawezi kutokea siku ya nyara akadai taji. Andika kanuni yako mapema, wakati kila mmoja bado anajiona mwema.

Kisha gawa sifa, ambazo hazina bei. Ila usigawe za jumla. "Umecheza vizuri" husahaulika papo hapo. "Uliporudi kunichukua pale darajani, ndipo tulipopona" humfanya mtu akufuate mwezi mzima. Kila mtu ana kijikiu cha kuonekana. Kitulize, atakupigania.

Hatua ya 5: Lipa bili

Hii usiiruke hata kama umechoka. EVE Online ni gemu la vyombo vya angani lililotengenezwa Iceland, lilitoka 2003. Humo miungano ya maelfu ya watu ilimiliki maeneo ya anga na kuyalipia ada. Januari 2014 muungano mmoja ulikuwa umeweka meli zake kwenye eneo liitwalo B-R5RB. Ada haikulipwa. Umiliki ukatoka, maadui wakaingia, na vita ikapigwa kwa takriban saa 21, wachezaji zaidi ya 7,500 wakihusika. Meli 75 za Titan, kubwa kuliko zote kwenye gemu, ziliangamia. Thamani ya hasara ilikadiriwa kuwa zaidi ya dola 300,000 za Marekani.

Walikuwa na majemadari, majasusi na marubani hodari. Walichokosa ni mtu wa kuhakiki kama malipo yamepita. Kuwa mtu huyo. Hahitaji kipaji, anahitaji kengele kwenye simu.

Hatua ya 6: Shindwa upesi, bila kutafuta mchawi

Kikosi kikifa chote, una muda mfupi sana kabla lawama hazijaanza. Uwahi. Anza na kosa lako, ambalo kwako halikosekani: "Nilichelewa kuwaponya." Ukishasema hivyo, bingwa wenu naye atapata ujasiri wa kukiri kuwa alitangulia mno. Chagueni jambo moja la kubadilisha, moja tu, mrudi ndani. Vikosi vya Molten Core havikushinda kwa kuwa havikufa. Vilikufa, vikafufuka, vikarudi mlangoni.

Hatua ya 7: Anayeondoka, muage vizuri

Mwaka 2018 timu ya OG ya Dota 2 ilikimbiwa na wachezaji wawili miezi michache kabla ya The International, mashindano makubwa kuliko yote ya gemu hilo. Waliobaki hawakupoteza muda kulalamika. Walimrudisha kocha wao uwanjani, wakamchukua kijana asiye na jina kubwa, wakapita kwenye mchujo ulio wazi kwa yeyote. Agosti, mjini Vancouver, walitwaa ubingwa. Mwaka uliofuata, Shanghai, wakautwaa tena, jambo ambalo hakuna timu iliyokuwa imelifanya kabla yao.

Nahodha wao, Johan Sundstein wa Denmark, alicheza nafasi ya tano. Hiyo ndiyo nafasi maskini kuliko zote: unawanunulia wenzako mahitaji, unakufa ili wao wapone, na dhahabu unayopata ni kidogo kuliko ya kila mtu. Huyohuyo ameingiza zaidi ya dola milioni 7 za zawadi, na kwa miaka kadhaa aliongoza orodha ya wachezaji wa magemu waliovuna fedha nyingi kuliko wote duniani.

Kwa hiyo leo usiku mkigawana nafasi, usigombane na mtu. Omba ya tano.