Ainisho la Kumbikumbi na Wenyeji Wao Mkoani Singida

Tuanze na kosa la mtaani. Mvua za kwanza zikishuka Singida, Novemba ikielekea Desemba, kila chenye mabawa kinachogonga balbu ya varanda jioni huitwa kumbikumbi. Sayansi haikubali. Kumbikumbi halisi ni mchwa aliyeota mabawa: yako manne, yanalingana urefu, vipapasio vimenyooka, na kiuno hana. Sisimizi mwenye mabawa kiuno chake kimebanwa kama shingo ya kibuyu, vipapasio vimekunjika kama kiwiko, na mabawa ya mbele yanayapita ya nyuma. Wa tatu ni dume la siafu, kahawia, mnene, mithili ya soseji iliyopewa leseni ya urubani. Huyu mwenye nyumba hana kazi naye.

Wataalamu nao wamezidisha utata kwa kumhamishia mchwa katika oda ya mende. Mama mkwe wangu, ambaye akiona mende hupanda juu ya kiti, kumbikumbi huwamaliza sahani nzima. Sijamweleza habari za oda.

Kisarufi mambo ni magumu zaidi. Akiruka, yuko ngeli ya A-WA. Akishaingia kikaangoni na chumvi kidogo (mafuta haombi, anayo yake) amekuwa kitoweo, yaani KI-VI. Yale mabawa anayoyaacha sakafuni ni LI-YA, na ndiyo yanayoleta ugomvi wa ndoa.

Sasa wenyeji. Uchunguzi wangu ulifanyika katika varanda chache za Mandewa, mjini Singida, na sampuli ilikuwa majirani waliokubali kuchungulia nikiwachungulia.

Wapo Wazima-taa. Hawa hukaa gizani nyumba nzima, watoto wakila ugali kwa kupapasa, na tatizo lao halijaisha bali limehamia kwa jirani aliyesahau swichi. Jirani huyo mara nyingi ni mimi.

Wapo Wapuliza-dawa, kundi lenye kopo na haraka. Dakika kumi baadaye wanaokohoa ni wao. Mdudu aliyepuliziwa hafai sahani wala hafai kuku, na katika mkoa ambao kuku wake wa kienyeji wanatafutwa hadi Dar es Salaam, kumwagia sumu chakula cha kuku cha bure ni kosa la uchumi.

Kundi lenye akili ni Wenye Beseni. Huzima taa zote za ndani, huacha moja ya nje, na chini yake huweka beseni la maji. Mdudu huifuata taa, huiona nyingine majini, hujitosa. Mabawa yakilowa hainuki tena. Asubuhi huchujwa kama dagaa.

Kuhusu mabawa, nimemshuhudia mzee mmoja akiyafagia kwa ufagio mkavu. Alipofika mlangoni, yote yalikuwa yametua nyuma yake. Akanyunyiza maji. Yakaganda kwenye saruji kama stempu. Akaita kuku. Kuku wakala viwiliwili vilivyobaki, mabawa wakayaruka. Mwishowe kilichofaa ni tambara bichi na magoti yake mwenyewe, na maneno aliyoyatamka hapo sitayaainisha.

Yote haya ni mchezo, lakini lipo swali ambalo makundi yote matatu hayaulizi: wametoka wapi? Wanaokuja kwenye taa kutoka vichuguu vya shambani ni wageni. Hawali mbao. Hudondosha mabawa, hutafutana wawili wawili wakachimbe shimo waanze ufalme, na wengi huishia kwa kuku, mjusi na sisimizi kabla ya udongo kukauka.

Lakini ukiwaona wanachomoza kwenye ufa wa ukuta, pembeni mwa fremu ya mlango, au wanadondoka kutoka miti iliyobeba paa la tembe, hao si wageni. Hao wamezaliwa kwako. Mchwa hawatoi kumbikumbi mpaka kundi lao limekaa miaka kadhaa na kushiba, na waliobaki ndani hawana mabawa wala haja na taa yako.

Chukua mpini wa kisu ugonge fremu. Ikilia kama debe tupu, beseni lirudishe bafuni, katafute seremala.