Vyumba Sita, Luku Moja

Nyumba yetu ya kupanga hapa Kayanga ina vyumba sita na Luku moja. Mwalimu wa chumba cha mbele anaapa hakuna pa kuishi kama hapa; ndiye mwenye pasi, friji na jiko la umeme. Dada wa chumba cha uani, mwenye taa moja, anasema hapa ni jela. Mchango wa umeme ni sawa kwa wote.

Tangu 2021 kodi ya jengo nayo hukatwa humo humo kwenye Luku, basi hata hiyo tunamlipia baba mwenye nyumba. Yeye yuko Kyerwa anaanika kahawa. Ukimpigia: “Wanangu, ishini kwa upendo.”

Upendo tunao, baba. Uniti ndizo zimekwisha.