Sifa za Fanksheni ya Muda

Katika kila programu kubwa lipo faili la vijizana ambalo hakuna anayelitaja kwenye usaili wa kazi. Humo ndimo inamoishi fanksheni inayopokea namba 5400000 na kurudisha "saa 1 dakika 30". Wenye vyeo kwenye programu ni malipo, usalama na akili mnemba. Yeye hajawahi hata kupigiwa makofi, basi na asifiwe leo.

Asifiwe kwanza kwa unyenyekevu. Ukimpa 30 anapokea, kama mgeni asiyechagua chakula, wala haulizi ni 30 za nini. Nduguze kila mmoja ana jibu lake: amri ya sleep kwenye Unix itazichukulia kuwa sekunde, setTimeout ya JavaScript itasema ni milisekunde, na lugha ya Go itazihesabu nanosekunde. Kiwango cha ISO 8601 nacho kimeweka uhai wa watu kwenye herufi moja: PT1M ni dakika, P1M ni mwezi mzima.

Ukarimu je? Ukimwomba nduguye setTimeout asubiri zaidi ya milisekunde 2147483647, yaani karibu siku 25, hasubiri kabisa. Kazi inafanyika papo hapo. Nani mwingine anaombwa mwezi akatoa sasa hivi?

Na ushujaa anao: anaamini kila siku ina saa 24. Dar es Salaam na Nairobi hajakosea hata siku moja. Ulaya, Jumapili ya mwisho ya Machi, saa husogezwa mbele na siku hubaki na saa 23, naye bado anagawanya kwa 24 bila kupepesa. Waundaji wa Go waliingiwa na woga hapo: vipimo vyao vinaishia kwenye saa, siku wameiacha makusudi.

Usahaulifu wake ndio umempa umaarufu. Windows 95 na 98 zilihesabu milisekunde katika biti 32, zikajaa baada ya siku 49.7, na kompyuta ikaweza kuganda. Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ilitoa agizo kuhusu Boeing 787: umeme wa ndege uwe unazimwa mara kwa mara, kwa sababu vidhibiti vya jenereta vikiachwa na umeme siku 248 mfululizo, kihesabio chake cha muda kinafurika na ndege inaweza kupoteza umeme wote wa AC. Gawanya biti 31 kwa sehemu za mia za sekunde, utaangukia siku hizohizo 248. Ndege nzima ikatii dawa ya fundi wa mtaani: zima, washa.

Kwa Kiswahili ndipo anapong'ara. Mwingereza anamwongezea herufi moja tu ya wingi. Kwetu lazima ajue ngeli, atoe "dakika 1 iliyopita" lakini "dakika 2 zilizopita", "mwaka 1 uliopita" lakini "miaka 2 iliyopita". Maktaba ya Moment.js ilitatua tatizo hilo kwa ubunifu: tafsiri yake ya Kiswahili huandika "saa limoja", ngeli ambayo BAKITA bado haijabarikiwa kuiona. Mwaka 2020 wasimamizi wake walitangaza kwamba haitaongezewa mambo mapya. Imebaki hivyohivyo kwenye tovuti nyingi, nayo kwa kuwa hukadiria chochote kati ya dakika 45 na 89 kuwa saa nzima, aliyengoja dakika 46 na aliyengoja 89 wote wanaambiwa ni saa limoja.