Sherwood Upande Huu wa Tana

Watu wenye akili zao huzeeka na timu ya mpira. Mimi nimezeeka na Robin Hood. Akitokea kwenye runinga, awe kijana au mzee, awe Mwingereza au yule mbweha wa katuni ya Disney, chai yangu itapoa na mgeni atajikaribisha mwenyewe.

Ni mapenzi magumu kuyaeleza mjini Garissa. Robin Hood ni mtu wa msitu wa Sherwood, na msitu wetu ni mathenge, mti wa miiba ulioletwa Kenya miaka ya 1970 na 1980 uzuie jangwa, ukaishia kuzuia na njia za watu. Robin huvaa kijani ili asionekane. Kwetu, mvua zikichelewa, mtu aliyevaa kijani angeonekana tangu mbali huko Modogashe.

Nilimpata kwa kanda ya VHS iliyopanda basi kutoka Eastleigh, Nairobi, pamoja na magodoro. Ilikuwa *Robin of Sherwood*, tamthilia ya Uingereza iliyoanza mwaka 1984, Michael Praed akiwa na nywele ambazo mama zetu waliona zinahitaji kusukwa. Mtaani kwetu Bulla Iftin runinga ilikuwa moja kwa nyumba nyingi, kwa hiyo watoto tulijazana sebuleni kwa jirani, na waliokosa nafasi wakatazamia dirishani. Slipa zilirundikwa mlangoni, na wa mwisho kutoka alivaa zilizobaki. Nimewahi kufika nyumbani na slipa mbili za mguu wa kushoto, moja yangu na nyingine ya mtu mzima, na nikaulizwa huyo mtu mzima amekwenda kwake na nini.

Umeme wa Garissa siku hizo ulikuwa wa jenereta za dizeli, na kulikuwa na desturi ya giza kuingia Robin akishavuta upinde. Mshale uliachiliwa Jumanne ukamfikia Sherifu wa Nottingham Alhamisi. Leo nje ya mji kuna kituo cha sola cha megawati 50, kilichozinduliwa mwaka 2019, nami sina tena udhuru wa kukaa kwa jirani hadi usiku.

Kusema kweli, aliyetunasa hakuwa Robin. Alikuwa Nasir, Mwislamu wa panga mbili ambaye maneno yake ya msimu mzima hayajazi kijiko. Mark Ryan, mwigizaji wake, alichukuliwa ili auawe katika hadithi ya kwanza. Wenzake wakampenda, akaachwa hai, akatafutiwa nafasi kundini. Hekaya za kale hazina Mwislamu yeyote Sherwood. Baada ya Nasir ikawa kama sheria: filamu ya Kevin Costner ya 1991 ina Azeem, aliyechezwa na Morgan Freeman, na tamthilia ya BBC ya 2006 ina Djaq, msichana aliyejifanya mvulana.

Basi tulipocheza, hakuna aliyetaka kuwa Robin. Akina Nasir chungu nzima walisimama mkono kiunoni, kimya, wakingoja mtu wa kuwaongoza. Cheo cha Robin tulimsukumia mtoto wa mwalimu aliyehamishwa kutoka Nyeri, kwa hoja kwamba yeye ndiye aliyezoea miti.

Daraja la pambano la Robin na John Mdogo tuliliweka juu ya mfereji wa shamba kando ya mto Tana: ubao mmoja na fimbo mbili za kuchungia. Kwenye runinga anayeshindwa huanguka majini, watu wakacheka, urafiki ukaanza. Kwetu anayeanguka alihesabiwa miguu kwanza. Tana ina mamba, na mamba hajui kwamba mnacheza.

Upinde niliuchonga kwa tawi la mathenge, kosa ambalo viganja vyangu vilililipia kwa wiki nzima. Uzi ulikuwa wa nailoni wa kushonea magunia, na mshale sipoki ya baiskeli. Nilililenga gogo. Mshale ukapita juu ya gogo, ukapita kando ya mbuzi aliyekuwa akila katoni, ukatulia ndani ya jerikeni la njano lililojaa maziwa ya ngamia, mali ya mama mmoja aliyekuwa akiyapeleka sokoni. Yakatoka kwa mstari mmoja mwembamba, mzuri, kama bomba la mkojo wa mtoto. Nilijitetea kwamba maziwa yanatoka kwa aliye nacho kwenda kwa asiye nacho. Asiye nacho, kwa wakati huo, alikuwa paka. Mama wa maziwa akaniuliza mimi ni mtoto wa nani, na swali hilo likiulizwa Garissa, kesi imekwisha.

Kesi ilipelekwa kwa Ayeeyo, bibi yangu, ambaye hakuwa na runinga lakini alikuwa na maoni. Alinitaka nimweleze huyu Robin ni nani. Nikamwambia: anaishi porini na wenzake, ana silaha, askari wanamtafuta.

"Huyo ni shifta," akasema.

Nikamweleza kwamba huyu si jambazi, ni mwema. Ayeeyo alivipitia vita vya shifta vya 1963 hadi 1967, wakati wafugaji walipokusanywa vijijini chini ya ulinzi na ngamia wakafa kwa kukosa malisho. Akanitazama kwa huruma.

"Wa porini walikuja usiku wakala mbuzi wangu," akasema. "Asubuhi wakaja askari wanaowatafuta, nao wakala mbuzi wangu. Wote walisema ni kwa faida yangu. Huyo wako anakula nini?"

"Paa wa mfalme."

"Mfalme ana bahati. Wake hawakuwa na jina."

Nikajaribu mlango mwingine: anachukua kwa matajiri anawapa maskini. Hapo Ayeeyo akakaa vizuri, kwa sababu hesabu hiyo aliijua kwa vidole. Ngamia watano, unatoa mbuzi mmoja. Mbuzi arobaini, unatoa mmoja. Fedha, sehemu moja ya arobaini. Matajiri wa Nottingham wangetoa zaka yao, akauliza, huyu kijana angekuwa na kazi gani? Na kama wamekataa, kwa nini asiwapelekee wazee badala ya kuwarukia kutoka juu ya mti? Sikuwa na jibu, na bado sina. Miaka mingi baadaye nilimwonyesha filamu ya Costner. Alisinzia mpaka pale Azeem anapouliza mashariki ni upande gani ili aswali. "Huyo ndiye mtu," akasema. "Hao wengine ni wenzake wa safari tu."

Nimeoa, na mpinzani wa Robin sasa ni Ertuğrul wa tamthilia ya Kituruki. Mke wangu humtazama kwa sauti za Kisomali, na kwa kweli hoja zake ni nzito: Ertuğrul ana farasi, ana mahema, ana mifugo, ana ukoo unaomwuliza maswali. Robin wa BBC alimaliza kazi kwa vipindi 39. Ertuğrul ana vipindi 150, na kila kimoja kinakaribia saa mbili. Rimoti ikishaingia chini ya mto wa mke wangu, Sherwood imefungwa kwa msimu.

Kwa hiyo mimi hutazama usiku, kwa simu, nikiwa nimejifunika shuka. Huko ndiko nilikokutana na baba yao wote, *The Adventures of Robin Hood*, iliyoanza 1955, Richard Greene akiwa na nywele zisizoguswa na upepo. Ina vipindi 143, na kadhaa viliandikwa kwa majina ya bandia na Wamarekani kama Ring Lardner Jr., waliopigwa marufuku Hollywood kwa tuhuma za ukomunisti. Hadithi za mtu anayewindwa ziliandikwa na watu wanaowindwa. Tena miti ya studio ilikuwa juu ya magurudumu, ili msitu mmoja usukumwe huku na huko uonekane misitu mingi. Nilicheka hadi mke wangu akaamka. Nikamwambia: tazama, hata msitu wao ni wa kuhamahama. Akaniambia nizime simu. Nilitaka pia kumsimulia jinsi kanda za ile tamthilia ya BBC zilivyoibwa Hungary mwaka 2006, Robin Hood akaibiwa yeye, lakini alikuwa ameshageukia ukutani.

Tumaini langu lilibaki kwa watoto. Juzi nilimketisha kijana wangu mdogo, nikamwekea kipindi tangu mwanzo, nikamwuliza angependa kuwa nani.

"Sherifu," akasema.

Nikamwuliza kwa nini. Ana nyumba ya ghorofa, akasema, ana walinzi, na anakusanya ushuru. Mtoto huyu amezaliwa baada ya ugatuzi wa 2013, na magari ya kaunti ameyaona yakipita. Nikamwuliza basi Robin atamfanya nini.

"Nitampa kazi. Awe askari wa kaunti."

Nikamwambia hilo lilishajaribiwa. Katika utenzi mmoja wa zamani sana wa Kiingereza, Mfalme Edward alimsamehe Robin akamwajiri ikuluni, lakini alipofika mwaka mmoja na miezi mitatu, Robin akatoroka akarudi msituni.

Kijana akafikiri kidogo.

"Labda mshahara ulichelewa," akasema.