Muulize Mjomba: "Unasoma Nini Saa Hii?"

Barua za wiki hii zimetoka kwa wapenzi wa katuni, na Mjomba amefurahi kupita kiasi, maana kati ya Jogoo Road na Outering hakuna aliyesoma katuni nyingi kumshinda. Utafiti huo aliufanya mwenyewe, kwa kujiuliza.

Kijana wa Umoja Innercore analalamika kwamba Jumamosi wenzake wakikutana maskani, salamu ni moja tu: unasoma nini saa hii? Mmoja yuko kwenye One Piece, mwingine Berserk, wa tatu anamalizia Solo Leveling. Yeye bado yuko na Naruto, na wanamcheka.

Kwanza kabisa, Mjomba angependa ieleweke kwamba enzi zake hakuna aliyethubutu kumuuliza swali hilo. Watu waliona jarida mkononi mwake, wakanyamaza kwa adabu. Jarida lenyewe lilikuwa African Film, la kampuni ya Drum, lililotamba mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970. Halikuchorwa. Zilikuwa picha za kamera zilizopangwa kwa fremu, maneno yakaandikwa juu yake, na shujaa wake alikuwa mpelelezi Lance Spearman, mwenye kofia na sigara nene, aliyeigizwa na Jore Mkwanazi wa Afrika Kusini. Nakala moja ilizunguka nyumba hadi nyumba mpaka jalada likabanduka. Mjomba pia alijinunulia kofia ya namna ile. Leo hatalizungumzia sana suala hilo, ila mashahidi wapo: ilimkaa vizuri kuliko Spearman.

Turudi Umoja. Eiichiro Oda alianza One Piece mwaka 1997, na kitabu cha 100 kilitoka 2021, na bado anaendelea kuchora. Mtu anayedai ameimaliza, na anafika kazini saa mbili asubuhi kila siku, huyo aulizwe maswali. Naruto, kwa upande wake, ilifungwa mwaka 2014 baada ya sura 700. Yaani kijana huyu ana matumaini ya kumaliza anachosoma kuliko yule wa One Piece! Na kama tatizo ni pesa, wachapishaji wenyewe, Shueisha wa Japani, walianzisha programu ya Manga Plus mwaka 2019, ambako sura za mwanzo na za karibuni za hadithi nyingi husomwa bila malipo. Ni bando tu ya simu. Akumbuke kusoma kutoka kulia kwenda kushoto. Mjomba aliwahi kusoma kitabu kizima kutoka kushoto kwenda kulia, na hadithi ikanoga zaidi.

Dawa ya kuchekwa ni hii: avae joho la Hokage kama kwenye Naruto, apande matatu ya 35/60 saa kumi na mbili jioni, akae nyuma ya dereva na kulia kwa sauti kila baada ya kurasa tatu. Kabla ya kufika Mutindwa, abiria wote watakuwa wanataka kujua anasoma nini.

Barua ya pili ni ya dada wa Kayole. Rafiki yake, mpenzi wa Marvel, humwambia kwamba Kenya haina katuni za maana.

Mjomba ilimbidi anywe maji kwanza.

Huyo rafiki aambiwe kwamba mwaka 1973, kabla hajazaliwa, Hilary Ng'weno na Terry Hirst walianzisha jarida la Joe hapa hapa Nairobi, likamcheka mwananchi wa kawaida na wakubwa wake kwa pamoja. Aambiwe juu ya Juha Kalulu, aliyechorwa na Edward Gitau kwa miongo mingi katika Taifa Leo, ukurasa ambao baba wengi waliufungua kabla ya habari za serikali. Mwaka 1996 Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam, alitoa Abunuwasi kwa Kiswahili kupitia wachapishaji wa Sasa Sema. Kisha kuna Frank Odoi, Mghana aliyehamia Nairobi na kuchora Akokhan, vita vya nguvu za kichawi kati ya Akokhan na hasimu wake Tonkazan. Odoi alifariki mwaka 2012 katika ajali ya matatu. Hapo Mjomba hana mzaha. Kwa maoni yake, Akokhan ndiyo katuni ya mashujaa iliyochorwa vizuri kuliko zote katika mji huu, na vijana wengi wa leo hawajaiona hata ukurasa mmoja.

Na katuni ya Shujaaz je? Ilianza Februari 2010, kwa Sheng, ikagawiwa bure ndani ya gazeti na kwenye vibanda vya M-Pesa, ikamleta DJ Boyie, kijana anayerusha matangazo ya redio kisirisiri kutoka chumbani kwake. Imeshinda Emmy ya kimataifa, 2012 na tena 2014. Ndani ya vichekesho walificha ushauri wa kilimo, ukiwemo ule wa kupaka vifaranga rangi ya zambarau ili mwewe asiwatambue. Mjomba anadumisha kwamba wazo hilo liliibwa kichwani mwake akiwa amelala.

Tena hata hao Marvel walikuja kuomba kwetu. Mwaka 1975, Len Wein na Dave Cockrum walipomtoa shujaa wa kike Storm, Profesa X, mkuu wa kundi lake, alimfuata Kenya. Mama yake Storm ni Mkenya wa ukoo wa kifalme, baba ni mpiga picha Mmarekani, na utotoni aliishi Cairo akichomoa vitu mifukoni mwa watu. Mwenye kipaji cha aina hiyo, sokoni Muthurwa angepewa kazi bila mahojiano. Na kwa kuwa anatawala mvua, Mjomba amemwandikia mara kadhaa kuhusu barabara za Kayole za mwezi wa Aprili. Hajajibu. Watu wakishaigizwa kwenye sinema, husahau kwao.

Barua ya tatu, kwa haraka, maana mhariri anaonyesha saa yake: mama wa Buruburu amechoshwa na makatoni ya mumewe yaliyojaa Pichadithi za Terry Hirst na magazeti ya Sani aliyoyabeba kutoka Tanzania, yenye akina Ndumilakuwili na Lodi Lofa. Anataka kumuuzia mtu wa chupa na magazeti, kwa kilo.

Kwa kilo! Mama, shujaa kama Lwanda Magere hapimwi kwa mizani. Maktaba za Kaloleni na Makadara, matawi ya Maktaba ya McMillan yaliyokarabatiwa na shirika la Book Bunk, ziko karibu na kwako. Nenda kawaulize kama wanapokea. Lakini usiende kabla ya Jumamosi, kwa sababu Mjomba atapita na mkokoteni kufanya ukaguzi, na nakala zozote atakazozikuta katika hali nzuri atalazimika kuzihifadhi mwenyewe, kwa usalama wa taifa. Mumeo asiambiwe. Chai iwe na tangawizi.